Nesi wa Inyonga, Ndoo za Asali na Gauni Ambalo Si Lake

Inyonga mtu mmoja anaweza kuwa na majina manne kabla ya saa nne asubuhi. Dada anayezungumziwa hapa ni nesi wa serikali. Kazini ni Sista, na wazee wanaotoka vijijini humwita Dokta, maana kwao yeyote aliyevaa nguo nyeupe na kushika karatasi ni dokta. Akitoka getini anakuwa Mama Fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Nyumbani kwa kaka yake ni shangazi. Na kwa watu wa Dar, Dodoma na Mwanza, ambao wengi wao hawajui hata Katavi iko upande gani wa ramani, yeye ni Dada wa Asali, basi.

Hakuna anayeona ajabu. Anayemwita Sista anataka huduma, anayemwita Mama Fulani labda ameishiwa chumvi au ana umbea wa moto, na akisikia "shangazi" kwa sauti ya upole anajua kuna ada ya shule inanukia. Jina linamwambia anatafutwa kwa lipi, naye anajiweka sawa. Huo si unafiki. Ni adabu.

Mitandao ilikuja na fikra nyingine kabisa. Mwaka 2010 mwandishi David Kirkpatrick alitoa kitabu kuhusu Facebook, na humo Mark Zuckerberg anasikika akisema kwamba mtu kuwa na utambulisho wa aina mbili ni mfano wa kukosa uadilifu. Yaani uwe yule yule mbele ya bosi, mama mkwe na rafiki wa shule. Bwana huyu angeishi Inyonga wiki moja tu, akawa mkwe wa mtu, angejua kwamba kuna salamu za mama mkwe na kuna salamu za kijiweni, na atakayezichanganya hakai mjini muda mrefu.

Sasa asali. Kwa asiyejua, Inyonga ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Mlele, katika mkoa wa Katavi uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Iko kwenye barabara inayotoka Tabora kupitia Sikonge kwenda Mpanda, katikati ya misitu ya miombo. Ni nchi ya Wakonongo, ingawa siku hizi Wasukuma na ng'ombe wao nao wamejaa. Zao la fedha ni tumbaku. Lakini jina zuri la Inyonga huko nje linabebwa na asali. Warina asali huondoka kwenda porini, hupiga kambi huko, hupanda miti kuifuata mizinga, na hurudi na ndoo na madumu wakiwa wananuka moshi mpaka kwenye nywele.

Mjomba wa dada huyu ni mmoja wao. Kwa miaka mingi alimuuzia mlanguzi aliyekuja na bei yake mfukoni. Ukikataa anawasha gari. Dada alipopata simu nzuri akaona hapana. Akafungua WhatsApp ya biashara, akafungua na ukurasa Instagram, akaanza kuposti chupa. Wiki za mwanzo alipata wateja wawili watatu, wengi wao aliosoma nao chuoni. Mzigo ulisafiri kwa basi, na jina la kondakta liliandikwa kwenye karatasi.

Halafu ikaja ile picha.

Alikuwa ametoka zamu ya usiku. Alipitia kwa mjomba, akachukua chupa, akaiinua juani ili rangi yake ionekane, akajipiga selfi, akaposti, akaenda kulala. Hakukumbuka kwamba bado amevaa sare. Alipoamka saa nane mchana simu ilikuwa imejaa. Ndoo mbili za lita 20 ambazo alitegemea zimtoe mwezi mzima zilikwisha kwa siku mbili. Watu wa mikoa asiyowahi kufika walituma hela kwanza, maswali baadaye.

Asali ilikuwa ile ile ya wiki iliyopita, pengine ya mzinga ule ule. Kilichobadilika ni nguo. Wateja walinunua gauni jeupe.

Picha ya kwanza tuseme ilikuwa bahati. Ya pili haikuwa bahati, maana alipiga akiwa amenyoosha kola. Ya tatu alimwomba mwenzake ampige, wakiwa nje ya ukuta wa kazini, bango lisionekane. Mtu anaweza kumlaumu, lakini akumbuke mshahara wa nesi, akumbuke na yule mlanguzi mwenye bei mfukoni. Mjomba kwa mara ya kwanza alibadilisha bati la nyumba kwa pesa ya asali, si ya kukopa kwenye tumbaku. Jambo zuri lilikuwa linafanyika, kwa njia ambayo ilikuwa inaelekea pabaya.

Watu wengi wakisikia habari za kazi na mitandao wanadhani tatizo ni video za kucheza, au picha za ufukweni, au mtumishi kuandika siasa. Hayo yapo. Lakini kwa dada huyu maisha binafsi hayakuwa yameichafua kazi. Kazi ndiyo ilikuwa imeanza kuuza vitu vya nyumbani. Hilo halisemwi sana, labda kwa sababu linaleta pesa.

Maswali ya wateja yakabadilika. Zamani waliuliza bei na kama asali imechanganywa na sukari guru. Sasa wakawa wanauliza kama wako kwenye benchi la wagonjwa. "Sista, inatibu vidonda vya tumbo?" "Sista, mama yangu ana presha, atumie asubuhi au jioni?" Na siku moja, saa nne usiku: "Mwanangu ana miezi saba anakohoa. Nimpe kijiko kimoja au viwili?"

Hapo dada alikaa kitandani akajibu mara moja: usimpe hata kijiko kimoja. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi asali, kwa sababu asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia, vikatoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Mpeleke mtoto kituo cha afya kesho asubuhi, na akianza kupumua kwa shida usisubiri asubuhi. Mama yule akashukuru, hakununua.

Sasa hebu fikiria. Ushauri ule ulitolewa kwenye ukurasa wa biashara, na muuzaji mwingine yeyote angeweza kusema "kijiko kimoja tu mama, ya asili hii haina madhara", akauza chupa. Mtoto alipona hatari ile kwa sababu muuza asali alikuwa nesi. Kwa hiyo wanaosema "tenganisha kazi na maisha yako" waseme pia nesi afanye nini saa nne usiku, mtoto anakohoa, na yeye yuko kwenye ukurasa wa asali. Anyamaze kwa sababu hayuko zamu?

Ila kulikuwa na upande wa pili, nao ulikuja haraka. Mchuuzi mmoja wa Dar aliyekuwa ananunua kwake kwa jumla alichukua ile picha ya sare, akaiwekea maandishi mekundu makubwa: NESI ATHIBITISHA, INAMALIZA KISUKARI. Hakumuuliza. Picha ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kama picha zinavyozunguka, ya kwaya, ya ukoo, ya vikoba. Ikafika kwa binti mmoja wa Mwanza, ambaye alimtumia dada ujumbe wa shukrani: mzee wangu ameacha vidonge vya sukari, hii ni wiki ya pili anatumia asali yako tu.

Asali ni sukari. Nesi anajua, na wewe unajua. Mzee wa watu hakujua, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba nesi amethibitisha.

Dada hakuandika. Alipiga. Simu ya kwanza haikupokelewa, ya pili haikupokelewa, ya tatu binti alipokea akicheka, akidhani ni mambo ya mzigo. Aliambiwa mzee arudi kwenye dawa zake leo, apelekwe akapimwe leo, na asali ifungiwe kabatini. Mzee alipimwa, sukari ilikuwa juu, akarudishwa kwenye dawa, akatulia. Kilichokuwa kimekaa mezani kwa wiki mbili zile kilikuwa macho yake, figo zake na uhai wake, na juu ya hayo yote sura ya dada inatabasamu, chupa mkononi.

Siku chache baadaye mganga mfawidhi alimwita ofisini. Picha ya maandishi mekundu ilikuwa imemfikia na yeye, kupitia kundi la wanakijiji wenzake.

"Sista, huyu ni wewe?"

"Ni mimi, Dokta. Lakini hayo maneno si yangu."

"Maneno si yako, sawa. Na gauni?"

Alinyamaza.

"Sikukatazi kuuza asali. Mke wangu amenunua kwako mara ngapi? Lakini hili gauni umeazimwa. Ukiazimwa nguo huendi kuikodisha."

Hakumpa barua. Angeweza. Wauguzi wa Tanzania wana leseni chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, lililopo kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na leseni inayotolewa ndiyo hiyo hiyo inayoweza kusimamishwa. Asali nayo ina wenyewe: tangu 2019 chakula kiko chini ya TBS, na dawa ziko kwa TMDA. Ukisema asali yako ni tamu unaongea na watu wa chakula. Ukisema inamaliza kisukari umeigeuza dawa, na dawa haisajiliwi kwa selfi.

Neno lile la kuazimwa linafaa kukaliwa kidogo. Tanzania ina mfano mzuri wa mtu wa kijijini aliyejulikana dunia nzima kwa nguo zake, naye ni Kili Paul, kijana wa Kimasai wa mkoa wa Pwani ambaye yeye na dada yake Neema waliigiza nyimbo za Kihindi kwa midomo mpaka Februari 2022 Ubalozi wa India nchini ukamwalika na kumpongeza, na Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja kwenye kipindi chake cha redio. Video nyingi za kijana yule zina shuka. Kuna waliosema anaiuza mila. Lakini shuka ni lake, la baba yake na la babu yake; akilivaa hatoi ahadi kwa niaba ya ofisi yoyote. Hakuna mzee wa Mwanza atakayeacha vidonge kwa kuliona. Gauni la nesi lina ahadi ndani yake, na aliyetoa ahadi ile si aliyelivaa peke yake, ni wauguzi wote waliotangulia, wakakesha, wakaaminiwa. Ndiyo maana linauza hivyo. Anayelitumia kuuzia chupa anatumia akiba ya wengi.

Dada alirudi nyumbani, akafuta picha zote za sare. Kisha akafanya kile ambacho kila mtu hushauriwa: akatenganisha akaunti. Moja ya biashara, isiyo na sura yake, chupa na mizinga tu. Moja yake binafsi, jina la utani la shuleni, watu wachache. Instagram inaruhusu kubadilisha akaunti ndani ya simu moja, WhatsApp inakuruhusu kuchagua nani aone stetasi na nani asione. Ilionekana kama kazi ya jioni moja.

Akaunti zilikuwa mbili, lakini namba ya simu ilikuwa moja. Na mitandao hii huomba orodha ya majina yaliyomo kwenye simu yako, kisha ikakaa inalinganisha nani ana namba ya nani. Ile akaunti ya siri ilikuwa haina hata wiki moja ilipoanza kupendekezwa kwa wenzake wa kazini chini ya maneno "watu unaoweza kuwafahamu". Mhudumu wa mapokezi akamuuliza kwenye chai, mbele ya watu: "Sista, kumbe una akaunti nyingine? Unatuficha nini?" Akaunti aliyoifungua ili aheshimike ikamfanya aonekane ana mambo.

Mwanasosholojia Erving Goffman, katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1959, alieleza hoteli ndogo kwenye visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa mwa Uingereza, mahali padogo ambako wote wanajuana. Jikoni wafanyakazi walikuwa na maisha yao, sebuleni na mezani walikuwa na sura nyingine kwa wageni, na mlango wa kati ulikuwa ugomvi usiokwisha: wahudumu wenye sinia walitaka uachwe wazi, wenye hoteli walitaka ufungwe wageni wasione ya jikoni. Inyonga hakuna asiyejua ya jikoni kwa mwenzake, lakini watu wana heshima ya kujifanya hawajaona. Mama Fulani akigombana na mumewe usiku, asubuhi wagonjwa wanamsalimia Sista kama kawaida. Simu haina heshima hiyo. Yenyewe inafungua mlango na kupiga kengele.

Lililomuumiza zaidi lilitokea baada ya hapo, na halikuhusu sare wala kucheza. Alikuwa ameposti asali mpya kwenye ukurasa wa biashara. Komenti ya kwanza, ya pili, bei, bei. Ya tatu iliandikwa na mama mmoja wa kijiji cha mbali kidogo, kwa jina lake halisi na picha yake halisi: "Shikamoo sista, samahani, yale majibu yangu ya Jumanne yametoka?"

Mji mdogo huo. Wanaosoma wanajua kituo gani, wanajua Jumanne kuna kliniki gani. Hakuna aliyehitaji kuambiwa vipimo vya nini.

Komenti ilikaa dakika kumi na kitu kabla dada hajaiona na kuifuta. Dakika hizo zilitosha kwa skrinshoti. Jioni ile ile shemeji ya yule mama alikuwa nayo, na maswali yakaanza nyumbani kwake, ya aina ambayo mwanamke huulizwa akiwa amesimama.

Kosa ni la nani hapo? Si la yule mama. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi si mchezo, na kama sista anajibu maswali ya presha ya watu wa Dodoma saa nne usiku, kwa nini asijibu la mtu wake wa karibu? Kwake ukurasa ule ulikuwa dirisha la kituo lisilofungwa. Dada mwenyewe hakusema neno lolote kuhusu majibu. Siri hakuitoa yeye. Lakini alikuwa ameutengeneza mlango ambao siri ilipitia. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu ya vipimo vya virusi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Sheria nzuri zote. Hakuna hata moja inayomwambia nesi afanye nini mgonjwa anapoiweka siri yake mwenyewe kwenye komenti za asali.

Alichofanya ni kwenda. Siku ya mapumziko alipanda bodaboda mpaka kijijini, akiwa amevaa kitenge, akasema anapita kununua karanga. Walikaa uani. Akamwambia majibu hayatolewi kwenye simu, hata yakiwa mazuri, na hasa yakiwa mazuri, maana siku yakiwa mabaya kimya kitasema. Wakakubaliana siku ya kuja. Shemeji akapita, akasalimia, akaambiwa mgeni ni Mama Fulani wa Inyonga, amefuata karanga. Jina lilifanya kazi yake.

Kucheza nako kuna habari yake, ingawa ni fupi. Siku ya kuzaliwa kwake dada aliweka stetasi anacheza singeli sebuleni na wanawe. Sekunde thelathini. Kesho yake ndugu wa mgonjwa mmoja akalalamika kwamba sindano imechelewa "kwa sababu nesi alikuwa anakata mauno". Wiki hiyo hiyo nesi wa kiume aliweka video anacheza kwenye harusi, shati limefunguka mpaka kifuani. Watu wakamwandikia "baba wa shughuli". Hakuna aliyeuliza sindano. Hapo usimtafute Zuckerberg, hilo tulikuwa nalo kabla ya intaneti.

Wengine husema mbona wasanii wanaposti wanavyotaka. Si kweli sana. Aprili 2018, mwezi mmoja tu baada ya kanuni za maudhui ya mtandaoni kuanza, polisi walimhoji Diamond Platnumz kwa video alizoweka Instagram, na Waziri wa Habari wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, alilitaja suala hilo bungeni. Tofauti ni kwamba msanii akihojiwa jina linakua. Nesi akihojiwa anahamishwa kituo.

Stetasi ya singeli dada hakuifuta. Aliiacha ikaisha saa 24 zake zenyewe. Mume wake, ambaye ni mwalimu na ana hofu zake, alimshauri aifute yaishe. Alikataa. Alisema sare ameivua kwa sababu si yake, lakini kiuno ni chake.

Siku hizi ukurasa wa asali umebaki na sura ya mjomba. Mzee aligoma mwanzoni, kisha akanogewa. Sasa anapigwa picha na kirungu cha moshi na kofia ya wavu, na ana maoni kuhusu upande wake mzuri. Juu kabisa ya ukurasa kumeandikwa kwamba hii ni asali ya chakula, maswali ya ugonjwa yapelekwe kituo cha afya kilicho karibu nawe. Komenti hazifunguki mpaka azipitie. Akiulizwa la mtoto wa miezi saba bado anajibu, na anajibu vizuri, ila kwa faragha na bila kuuza chupa kwa mtu huyo siku hiyo. Hilo la mwisho hakufundishwa na mtu.

Mauzo yameshuka. Hilo lisifichwe. Ndoo iliyokuwa inaisha kwa siku moja sasa inakaa wiki mbili, na mvua zikikata mavuno mengine yanaingia, wakati mlanguzi wa zamani ameanza tena kupita taratibu mbele ya nyumba ya mjomba na dirisha la gari likiwa wazi.

Mwezi uliopita mfanyabiashara wa Dar alimtafuta. Ana maduka matatu, anataka ndoo 40, hela nusu kwanza. Sharti moja: lebo iwe na picha yake amevaa sare, na maneno "Chaguo la Nesi". Hakusema inatibu chochote. Ni picha tu.

Dada alimpelekea mjomba habari hiyo, na mjomba hakuelewa tatizo.

"Kwani wewe si nesi?"

"Ni nesi, mjomba."

"Na asali huinywi?"

"Nainywa."

"Sasa uongo uko wapi?"

Si swali rahisi, na mzee alikuwa na haki ya kuliuliza. Ndoo 40 ni bati la nyumba nzima na ada ya wajukuu wawili. Dada aliandika jibu, akafuta, akaandika tena. Alimwambia mfanyabiashara kwamba picha ya nyuki ipo, ya mzinga ipo, ya mjomba ipo, achague anayotaka. Ya nesi haipo.

Tiki mbili zimeshageuka bluu. Jibu halijaja. Ndoo zimepangwa sebuleni kwake, maana kwa mjomba pamejaa, na watoto wanaziruka kila wakienda kuwasha tivii.